Gari la Maiti na Petroli ya Miwa

Mzee Mwadini alifungua kifuniko cha tangi, akainama, akanusa. Hakuipenda harufu ile. Petroli aliijua tangu enzi za utingo wake, barabara ya Tanga na Korogwe, na hii haikuwa petroli peke yake. Ilikuwa na utamu ndani yake, utamu wa kitu kilichochacha. Akafunga kifuniko, akapangusa mkono kwenye suruali, akasimama akilitazama gari.

Gari lenyewe ni Haisi nyeupe ya zamani, mali ya chama cha kuzikana cha Watanzania wa Mayfair. Mtu akifia Johannesburg, mbali na kwao, chama ndicho kinachomwosha, kinachomkafini na kumfikisha kaburini. Haisi ndiyo miguu ya chama, na Mwadini ndiye dereva wake, miaka nenda miaka rudi. Kusoma hajui. Vibao vya barabarani anavijua kwa sura, makaburi anayajua kwa njia, na gari analijua kwa sikio.

Mkewe, Mayasa, alikuwa mkubwa wa waosha maiti wa kike. Walikuwa na kazi moja na gari moja. Wakienda walizungumza, wakirudi walinyamaza. Mayasa alikufa kabla baridi haijaanza, moyo wake ulisimama akiwa anakunja nguo. Walipomtaka Mwadini ampishe mwenzake kwenye usukani siku ile, alisema neno moja tu.

"Nitampeleka."

Akampeleka. Kutoka Mayfair mpaka makaburini Lenasia gari halikukohoa hata mara moja. Tangu hapo akawa analiona kama mtu aliyemtendea wema, na mtu wa namna hiyo humwachi achezewe.

Sasa lilikuwa linachezewa, na alitaka kumjua anayelichezea.

Alianzia kwa katibu wa chama. Suhaib ni mtu wa Unguja, ana duka la simu karibu na msikiti, na kila jambo la chama linapita mikononi mwake, mafuta ya gari yakiwamo.

"Katibu, petroli hii umeitoa wapi?"

"Asalaam aleikum kwanza, mzee wangu."

"Waaleikum salaam. Umeitoa wapi?"

Suhaib akacheka, akaweka chini simu aliyokuwa akiifungua. "Doornfontein. Kuna fundi mmoja Mkongo, Ruphin jina lake. Anachanganya petroli na ethanoli. Ni nafuu kuliko ya pampu. Huko ndiko dunia inakokwenda, mzee. Brazili huko magari yanakunywa miwa."

"Miwa."

"Spiriti ya miwa. Inatoka Natal."

"Pombe."

"Nilijua utasema hivyo. Nimeshamuuliza imamu. Kasema hainywi mtu, inaungua tu, haina neno."

"Sijauliza habari za halali. Nimeuliza habari za gari."

"Gari halina dini, mzee wangu."

"Lina umri."

Suhaib akashusha pumzi. "Mie mwenyewe natia hiyo hiyo kwenye Polo yangu. Ushapata kuiona inasukumwa?"

Mwadini hakuwahi kuiona, na hilo ndilo lililomzidishia shaka. Polo ya mwenye duka inateleza, gari la maiti linanuka. Akaondoka bila kuaga vizuri. Njia nzima alikuwa akijiuliza kama huyo Mkongo ana mapipa mawili, moja la katibu na moja la wajinga.

Haukupita muda, shaka ikapata mwili. Asubuhi moja ya barafu, majani ya uani meupe kama yaliyonyunyiziwa chumvi, ikaja habari kuwa mwanamke wa Tanga amefariki kule Diepsloot. Mumewe, Salum, ana spaza huko, kiduka cha mabati cha sukari na mkate. Mabomba ya Diepsloot yalikuwa makavu, kama yanavyokuwa makavu nusu ya jiji siku hizi, kwa hiyo waosha wakapakia maji yao kwenye madumu ya njano. Aliyewaongoza ni Mwanaharusi, shoga yake Mayasa, ambaye ndiye aliyeshika nafasi yake.

Gari lilikataa kuwaka. Likabembelezwa, likawaka kwa shingo upande, likawa linakwenda kwa kushtuka. Mwadini alilisikiliza kichwa amekiinamisha. Kwenye robot moja, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, ilipogeuka kijani, likazima na halikuwaka tena.

Nyuma yao taksi zikaanza kupiga honi. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani akamwambia madala, yaani mzee, asogeze jeneza lake.

"Shemeji," akaita Mwanaharusi kutoka nyuma, "limelala?"

"Limezima."

"Livute masikio, labda litaamka."

Mwadini akazungusha ufunguo. Gari likanguruma kidogo, likanyamaza.

"Basi limesusa," akasema Mwanaharusi. "Lilikuwa likimsikiliza Mayasa. Sisi halitutambui." Akashuka, akafungua dumu moja anawe mikono, kisha akalisogeza puani. "Na maji haya yana nini? Yananuka gereji."

"Ni moshi wa gari, bibie."

"Moshi gani? Gari si limezima?" Akanusa dumu la pili, akayamwaga yote mawili pale pale barabarani, wenzake wakimtazama.

Walifika Diepsloot kwa magari ya kuomba, maji wakayaomba kwa majirani wa marehemu. Mazishi yaliyokuwa yafanyike adhuhuri yakafanyika alasiri. Salum aliwashukuru mmoja mmoja kwa mkono, na alipofika kwa Mwadini mkono ule ulikuwa mwepesi, haukukaa.

Jioni mwenyekiti wa chama, Bakiri, alikuja mpaka gari lilipokuwa limevutwa na kuegeshwa. Akaligonga ubavu kwa kidole.

"Leo limetuaibisha likiwa na maji, Mwadini. Likituaibisha likiwa na maiti tutasema nini?"

"Ni mafuta."

"Kila dereva husema ni mafuta. Wako watu wa mazishi, magari yao mapya, tunaweza kuwakodi. Jumapili tunakaa. Nadhani litauzwa."

Bakiri alipoondoka, Mwadini aliingiza mpira kwenye tangi mpaka ukagusa chini, akavuta, akajaza chupa ya kioo iliyokuwa ya sharubati. Ikabaki dirishani nje, kwenye baridi. Asubuhi akaifungia ndani ya koti, akaenda Doornfontein. Kwenye taksi abiria walifungua madirisha wenyewe, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Hakutaka kujitambulisha. Alitaka kumshika mtu akiwa hajajiandaa. Karakana ya Ruphin iko chini ya ghorofa, mlango wa mabati, ndani giza na harufu ile ile tamu. Ruphin mwenyewe ni mtu mnene wa makamo, wa kutoka Bukavu, ana ovaroli iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake.

"Karibu, papa."

"Nasikia unauza petroli ya miwa."

"Nauza. Uko na gari gani?"

"Haisi."

"Ya mwaka gani?"

"Ya zamani. Ya kabureta."

Ruphin akatikisa kichwa. "Basi wewe sikuuzii, papa. Enda kwa pampu."

Mwadini akamkazia macho. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Akamdhania ni mjanja zaidi ya alivyofikiri. Mwizi wa kawaida hamfukuzi mteja.

"Mbona wengine unawauzia?"

"Wengine wako na magari ya injeksheni, za miaka ya karibu. Mimi natia spiriti fungu moja, mafuta mafungu tisa. Gari kama ile haisikii kitu, labda inakunywa zaidi kidogo. Yako iko na mipira ya zamani. Spiriti inailainisha, kidogo kidogo, inakuwa kama bazoka mtoto ametafuna. Kisha inavuja, na injini iko moto. Unataka kuungua?"

"Na ukizidisha hiyo spiriti?"

"Nikizidisha hata gari mpya italia. Ile kali inataka gari iliyotengenezwa kwa kazi ile. Na baridi kama hii, asubuhi haiwake." Ruphin akamwangalia kuanzia miguuni mpaka kwenye koti lililotuna. "Papa, wewe ni polisi?"

"Nafanana na polisi?"

"Polisi ya zamani. Ya kabureta."

Mwadini hakucheka. Akafungua koti, akaiweka chupa juu ya meza ya chuma.

"Suhaib wa Mayfair unamuuzia?"

"Katibu? Namuuzia. Ya Polo yake naitia mimi mwenyewe hapa hapa. Ingine anabeba kwa madumu, anasema ya watu wake."

"Watu wake ni gari la maiti. Haisi. Hii imetoka tumboni mwake."

Ruphin hakuigusa ile chupa. Aliinama akaitazama kwa upande. Ndani kulikuwa na vitu viwili. Juu mafuta meupe, chini kioevu chenye ukungu, na kati yao mstari uliochorwa sawasawa.

"Umetia maji."

"Sijatia."

"Basi kuna mtu ametia."

"Wewe."

Kisha Ruphin akachota mafuta kwenye pipa lake, akayatia kwenye chupa nyingine, akaiinua kwenye mwanga. Hayakuwa na mstari. Akatia maji, akaziba kwa kidole gumba, akatikisa, akaiweka. Mstari ukajitokeza, na sehemu ya chini ilikuwa kubwa kuliko maji aliyotia.

"Umeona? Maji yanaita spiriti, zinashuka pamoja. Mafuta yanabaki juu. Sasa gari inavuta kutoka chini, inakunywa maji na pombe. Itawaka namna gani?"

"Rudia."

"Papa."

"Rudia. Chupa nitaiosha mimi."

Akaiosha mwenyewe, akaikausha kwa shati lake. Maji akayafungulia mwenyewe bombani. Akachagua pipa jingine, lile lililokuwa nyuma kabisa, ambalo hakuelekezwa. Akatikisa mwenyewe. Mstari ukaja pale pale.

"Petroli tupu ikiingia maji kidogo, yanalala chini kabisa ya tangi, unaendesha miaka hujui," akasema Ruphin. "Hii haisamehe. Kikombe kimoja tu, na usiku wa baridi, inajigawa." Akafungua chupa ya Mwadini, akanusa, uso wake ukakunjamana. "Na iko na harufu ingine. Kama dawa ya kujipaka kwa kifua, mutoto akikohoa."

Akampa. Mwadini akanusa. Nyuma ya petroli, nyuma ya ule utamu, kulikuwa na harufu aliyolala nayo miaka yote ya ndoa yake, iliyokuwa kwenye mikono ya Mayasa, kwenye khanga zake, kwenye mto. Karafuu maiti.

Akakaa juu ya tairi.

Madumu. Waosha hutia karafuu maiti kwenye maji ya mwisho, na maji hayo hukaa kwenye madumu ya njano. Mayasa alikuwa hayaachi garini. Alikuwa akiyasuuza, akiyapindua, akiyaweka chini ya kitanda chao, na jirani akija kuazima siku maji yamekatika alikuwa anaambiwa hapana kwa adabu mpaka anacheka. Alipokufa hakuna aliyekumbuka kuyaingiza ndani. Yalibaki nyuma ya gari na mabaki yake humo. Jiji halina maji, dumu tupu halipatikani, na Suhaib anakwenda Doornfontein. Mkono wake uliangukia wapi, Mwadini aliona kama aliyekuwapo. Polo ilitiliwa mafuta papo hapo kutoka kwenye pipa. Haisi ikatiliwa kutoka kwenye madumu ya kuoshea wafu. Kisha madumu yakarudishwa mahali pake, yakajazwa maji.

"Papa, nikuletee chai?"

"Hapana," akasema Mwadini. Baadaye akasema, "Ahsante."

Jumapili, kabla ya kikao, Suhaib alimkuta akivua viatu mlangoni. Mwadini alikuwa ameshamweleza yote jana yake, kwa maneno machache, na katibu alikuwa hakulala vizuri.

"Mzee wangu, nimefikiri. Tuseme Mkongo katuuzia mafuta mabovu. Basi. Tumemwacha, tumerudi kwenye pampu. Hakuna atakayetaka kuuza gari kwa kosa la mtu wa nje. Gari lako linabaki."

"Na madumu?"

"Madumu tutanunua mengine, kimya kimya. Mie nitayanunua." Akashusha sauti. "Ukisema mengine, watauliza mipira, watauliza umri wa gari, watakwenda mbali. Unalitaka gari au hulitaki?"

Mwadini alilitaka. Alilitaka kuliko kitu chochote kilichobaki mji ule. Alimtazama Suhaib, akaona jinsi neno lilivyokwisha kukaa vizuri mdomoni mwake, akajiuliza ni maneno mangapi mengine yalikwisha kukaa hivyo na yeye akayameza. Akaingia ndani.

Bakiri alifungua kikao, akaeleza aibu ya robot, akaeleza magari ya kukodi. Wanawake walikuwa upande wa pili wa pazia. Kisha akasema, "Dereva anasema ni mafuta. Tumsikie."

Mwadini akasimama. Hakuzoea kusimama.

"Mkongo hakufanya kitu," akasema. "Madumu ya waosha yametumika kubebea petroli. Yalikuwa na maji. Maji na ile spiriti haviachani, ndipo gari likazima."

Chumba kizima kikageuka upande wa katibu. Suhaib alikuwa akitazama mkeka.

"Nilisema maji yananuka gereji," sauti ya Mwanaharusi ikatoka nyuma ya pazia. "Shemeji akaniambia moshi."

"Nilikosea, bibie."

"Tungemwosha mke wa watu na petroli. Sasa nani aliyeyachukua?"

"Mie," akasema Suhaib. "Sikujua ni ya kazi gani. Nilidhani ni madumu."

"Hata madumu yana wenyewe, mwanangu."

Bakiri akainua mkono watu wanyamaze. "Haya. Na gari, Mwadini? Tuambie kweli. Mafuta haya yanafaa magari ya kawaida au hayafai?"

"Ya kwenu ya siku hizi, yakichanganywa kidogo na chombo kikiwa kikavu, nimeona yanafaa. Polo ya katibu inakwenda." Akasita. "Hili halifai. Limezeeka. Mipira yake imeanza kulainika, nimeibinya kwa vidole."

"Kwa hiyo linafaa kuuzwa."

Suhaib aliinua macho, kana kwamba anasema, nilikwambia.

"Kwa petroli ya pampu na mipira mipya linafaa kubeba maiti," akasema Mwadini. "Kwa hayo mengine, hata mkiliacha, mimi siliendeshi."

Akakaa. Walibishana mpaka karibu na magharibi. Wapo waliosema dereva amesema mwenyewe, gari limezeeka. Wapo waliosema aliyeweza kusema hivyo ndiye wa kuaminiwa nalo. Mwisho Bakiri akakata: lisafishwe tangi, libadilishwe mipira, lijaribiwe kwenye mazishi mamoja. Likisimama njiani, hakuna kikao tena, linauzwa.

Kazi akapewa Ruphin. Mwadini alisimama juu yake tangu bolti ya kwanza. Kila mpira uliotoka aliupokea, akaukunja, akaona ulivyonata. Kila mpya ulioingia aliuvuta.

"Papa, utanihesabu mpaka vidole?"

"Vidole nimeshahesabu."

"Viko vyote?"

"Endelea na kazi."

Kazi ilipomalizika aliliendesha mpaka pampu, akakaa kando ya mwenye pampu mpaka mwisho, akainusa. Ilikuwa petroli. Hata hivyo hakulala sawasawa. Mtu akishakudanganya mara moja, hata kwa kutojua, sikio halirudi kukaa mahali pake.

Aliyefuata kufa alikuwa fundi cherehani wa Pangani, aliyeishi peke yake kwenye ghorofa moja Doornfontein. Wanaume walimkafini, wakamswalia, wakamwingiza kwenye Haisi. Suhaib akaomba apande nyuma na jeneza, na hakuna aliyemkataza. Baridi ilikuwa ile ile. Mwadini akazungusha ufunguo, gari likawaka mara moja, na yeye akangoja kidogo kabla ya kuondoka, kama mtu aliyepewa jibu haraka mno.

Nyuma walianza tahlili. Mwadini hakuitikia. Alikuwa akisikiliza chini ya sauti zao. Kwenye kila robot taa ilipowaka nyekundu aliufuata mngurumo wa injini, mzito, wa sawasawa, akingoja ukatike. Taksi zilipiga honi. Mlima ulipoanza alibadili gia mapema. Injini ikavuta. Kulikuwa na mlio mdogo upande wa kushoto ambao hakuutambua, akaufuata mpaka akagundua ni mnyororo wa mlango. Makaburi ya Lenasia yakatokea.

Akaegesha. Watu wakaanza kushuka, Suhaib akaja dirishani.

"Umesikia kitu huko nyuma?" Mwadini akamwuliza.

"Nimesikia tahlili, mzee wangu. Ulitaka nisikie nini?"

Mwadini aliizima injini, kisha akaiwasha tena aone kama itakubali kurudi. Ikakubali. Akaizima, akashuka, akaenda kushika upande wake wa jeneza.